Brussels Mpaka Lisbon Bila Msindikizaji

Siku mliyoniaga kwa keki, Neema na Fiston, mlinibana nikubali kuandika miaka yangu ya kukata tiketi za ndege pale Rosettenville, Johannesburg. Nilikubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Sasa nimekaa nyumbani Malvern, makelele ya Jules Street yananiingia dirishani, na kwa kuwa ahadi ni deni, naandika. Mshahara sitautaja maana hautajiki, na cheo sikuwahi kuwa nacho zaidi ya kupewa ufunguo wa mlango wa nyuma.

Niliingia ofisi ile nikitokea Tanga, mwanamke kijana mwenye cheti cha ukarani na Kiingereza cha shule. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Amadeu, Mreno wa kisiwa cha Madeira, mfupi, nyusi zake kama brashi ya viatu. Wateja wake walikuwa Wareno wenzake, wanaokwenda kwao kuzika wazazi na kuoza watoto. Mimi alinichukua kwa sababu Wakongo na Watanzania walikuwa wameanza kujaa mtaani, wanaingia kuuliza nauli na yeye hata salamu yao haelewi.

Siku ya kwanza sikugusa tiketi. Alinipa tufe la shule, lile la kuzungusha, na kipande cha uzi mweusi. Akasema, "Nipimie Johannesburg mpaka Lisbon." Nikavuta uzi, ukafika shubiri nzima. "Sasa Lisbon mpaka Brussels." Uzi haukufika hata nusu ya kidole. Nikasema, "Ah, hawa ni majirani." Bwana Amadeu alicheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Akaniambia uzi ule unapima hewa, na mteja hakai hewani. Mteja anatoka kitandani gizani, anatafuta teksi, anapanga foleni ya mizigo, anavua viatu na mkanda mbele ya watu asiowajua, anangoja, anaruka, anashuka, anangoja tena begi, ndipo atafute nyumba ya ndugu yake katika mji ambao hajui kusoma vibao vyake. Kuruka ni saa mbili na robo tatu hivi. Siku nzima imekwisha. "Akikuuliza ni muda gani," alisema, "anataka kujua atagonga mlango saa ngapi." Hilo nimewafundisha na nyinyi, ingawa Fiston bado anawajibu wateja kama anasoma taarifa ya hali ya hewa.

Enzi hizo tiketi tulikuwa tunaandika kwa mkono juu ya karatasi za kaboni, na ratiba za ndege zilikaa kwenye kitabu kinene kuliko kamusi. Ukikosea herufi moja unaanza upya, na Bwana Amadeu anahema puani kama fahali. Kompyuta zilipokuja tulidhani makosa yamekwisha. Wapi! Mfanyabiashara mmoja wa kwetu Tanga alisoma kumi kamili kwenye tiketi yake, akaja uwanjani saa kumi jioni, amevaa suti, na ndege yake imeondoka asubuhi. Alinitukana mbele ya watu na mimi nikamrudishia, maana Tanga hatukulelewa kunyamaza. Tangu siku hiyo kila tiketi ya Mswahili niliandika chini yake kwa kalamu, saa nne asubuhi, wallahi saa nne asubuhi.

Na hiyo njia ya Brussels na Lisbon ndiyo iliyonichosha kichwa kuliko zote. Rosettenville ni mtaa wa Wareno na Wakongo, sasa mji wa hawa ni Lisbon na mji wa ndugu za wale ni Brussels, kwa hiyo njia hiyo niliijua kuliko barabara ya Korogwe. Saa za Lisbon ziko nyuma kwa saa moja. Mteja anaona kwenye tiketi ametoka Brussels saa nne asubuhi amefika saa sita kasorobo, anafurahi, kumbe karibu! Kurudi anaona zimepita saa tatu na nusu na zaidi, anakuja kunigombeza kwamba nimempandisha ndege ya kuzurura. Nilikuwa nawakalisha chini nawaeleza, wanaitikia, halafu wanakwenda kuwaambia wenzao kwamba yule mama wa Kitanzania anaficha kitu.

Sheria moja Bwana Amadeu alikuwa haivunji: usimuuzie mtu safari yenye shimo. Kila hatua iwe imelipiwa na imeandikwa, tangu anatoka mpaka anarudi. Mimi niliivunja mara moja tu, kwa ajili ya Mama Gaston.

Mama Gaston alikuwa mshonaji, Mkongo wa Bukavu. Alikodi pembe ya duka la vitambaa hatua chache kutoka ofisini kwetu, anashona sare za kwaya na magauni ya komunio. Hata hii blauzi niliyovaa sasa ni mkono wake. Siku hiyo aliingia na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akaketi bila kukaribishwa.

"Maman Rehema, niko na batoto babili," alisema. "Gaston iko Bruxelles, Bahati iko Lisbonne. Toka kwa huyu kufika kwa huyu ni mbali sana?"

"Angani ni kilomita kama elfu moja na mia saba, mama. Saa mbili na robo tatu."

"Ni kama kutoka hapa kwenda wapi?"

"Kama Cape Town, uongeze na kipande."

Akafyonza. "Eish! Cape Town batu banaenda ku harusi, kesho banarudi. Na batoto yangu miaka yote hii mumoja hajaona mulango ya mwenzake!"

Habari ya ugomvi wao mtaa mzima tuliijua. Baba yao alifia hapa Johannesburg. Gaston, mkubwa, alikuja kutoka Brussels na likizo ya siku chache, akaamua mzee azikwe hapa hapa haraka. Bahati, mdogo, aliyekuwa amemuuguza baba kwa mikono yake, alitaka wachangishe wampeleke Bukavu akalale na wazee wake. Wakarushiana maneno pale pale makaburini, mchanga haujafunika jeneza. Bahati alimwambia kaka yake kwamba amekuja kuzika kama mtu anayewahi basi. Gaston akajibu kwamba baba alikuwa baba wa wote, si wa anayemwosha tu. Baadaye Bahati akapata kazi ya kupaka rangi majengo Lisbon. Kaka huku, mdogo wake kule, na kila mmoja anampigia mama simu kila Jumapili, na hakuna anayeuliza habari ya mwenzake.

Mama alikuwa na mpango. Kwao, alinieleza, mama hatembei peke yake kati ya nyumba za watoto wake. Yule anayekaa naye ndiye anayemsindikiza, anamfikisha kwenye mlango wa mwenzake, anamkabidhi mkononi, wanakula wote, ndipo msindikizaji anarudi. Na sisi Tanga ni hivyo hivyo. Mgeni ukimwacha mlangoni umemtukana. Unamtoa mpaka njia panda, mnapiga soga, mnajikuta mmefika kwake na sasa yeye ndiye anakusindikiza wewe. Basi nikaelewa mara moja.

"Unikatiye ya kuingia Bruxelles," alisema, "na ya kurudi kutoka Lisbonne. Ile ya katikati usinunue. Gaston atanunua yake na yangu, atanipeleka. Hawezi kuniacha mu njia. Akifika kwa Bahati, atakula. Akikula, bimekwisha."

Tiketi ya namna hiyo mimi huiita mdomo wazi: unaingilia mji mmoja, unatokea mwingine. Si ajabu kazini kwetu. Ajabu ilikuwa kuacha katikati patupu makusudi, kwa mama wa umri ule ambaye hakuwahi kukanyaga Ulaya.

Halafu ikaja viza, na hapo ndipo nilipoona maajabu. Nchi zile mbili viza yake ni moja, lakini unaiombea kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Nikamuuliza Mama Gaston atakaa wapi zaidi. Alinitazama kama nimemuuliza ni mtoto yupi alimnyonyesha vizuri.

"Sawasawa," alisema.

"Mama, ukimwongezea mmoja usiku mmoja tu, kazi inakuwa nyepesi."

"Maman Rehema, na huo usiku mumoja nitamunyanganya nani?"

Siku zikawa sawasawa, usiku kwa usiku. Siku zikilingana, sheria inasema uombe kwa nchi unayoingilia kwanza, na kwanza lazima awe mkubwa, kwa heshima ya mimba ya kwanza. Hapo desturi na sheria zilikubaliana, jambo ambalo katika kazi hii nimeliona mara chache. Ile hatua ya katikati niliishikia nafasi tu bila kulipia, ubalozi uone safari imekamilika, na viza ilipotoka nafasi ile ikajifuta yenyewe, kama mnavyofanya hata leo.

Bwana Amadeu wakati huo alikuwa ameshazeeka, anakuja asubuhi kunywa kahawa na kutukosoa. Aliiona tiketi ya Mama Gaston mezani. Akaniambia, "Rehema, hapa pana shimo."

"Wanawe watalijaza."

"Una hakika?"

"Mama yao ana hakika," nilisema. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye kahawa yake.

Tulimpeleka uwanjani, mimi na wanawake wawili wa kanisani kwake. Alivaa gauni alilojishonea, kitenge cha rangi ya manjano, na begi lilikuwa zito kwa unga wa muhogo, samaki wakavu na mashati mawili aliyoshona kwa kitambaa kimoja, moja la Gaston moja la Bahati. Alitaka wayavae siku moja wapigwe picha. Mimi nilimcheka: "Mama, hao ni watu wazima, siyo watoto wa chekechea." Akasema, "Kwangu ni batoto." Nikampungia mkono mpaka akapotea.

Aliporudi hakuja ofisini siku ya kwanza wala ya pili. Nikamfuata mwenyewe kwenye pembe yake. Alikuwa anashona, mguu kwenye pedali, hakuinua macho.

"Nieleze basi, mama. Gaston alikusindikiza?"

"Alinisindikiza." Akakata uzi kwa meno. "Mpaka ku airport. Akanikabidhi kwa kijana wa kusukuma bigari bya wagonjwa. Mi sina ugonjwa wa miguu, Maman Rehema! Akaniweka humo, akanifunga mukanda, akanipa karatasi shingoni yenye jina yangu na simu ya Bahati. Kule Lisbonne kijana mwingine akanisukuma mpaka inje. Bahati alikuwa pale na maua. Hakuuliza nani alinipandisha. Nikampa shati yake, akavaa, akashukuru. Ile ya Gaston nilimwachia kule."

"Na ukawaambia kwamba unataka wakutane?"

"Gaston nilimulilia. Anasema likizo iliisha. Likizo! Saa mbili na robo tatu!" Hapo ndipo alipolia, mashine ikaendelea kwenda yenyewe kidogo kisha ikasimama. "Banangu banakabidhiana mimi kama kifurushi."

Nilimshika mkono. Jamani, nilikuwa na hasira mpaka masikio yaliwaka. Katika kazi yetu tunawafikisha watu. Wafiwa, wachumba, wagonjwa, wacheza mpira wenye ndoto na wenye pasipoti zilizochanika, wote nimewafikisha. Huyu mama nilimtoa Johannesburg nikamzungusha Ulaya nzima na hakufika alikokuwa anakwenda. Nilitaka kumpigia Gaston saa ile ile nimpe vidonge vyake, Mama Gaston akanikataza. "Nitajaribu tena," alisema. "Bado niko na nguvu."

Nguvu hazikungoja. Baada ya Pasaka alianguka pale pale dukani, presha, upande wa kulia ukafa ganzi na mdomo ukapinda. Akalazwa hospitali ya serikali. Nilikwenda kumwona, akanishika kwa mkono uliobaki mzima. Maneno yalitoka kwa taabu.

"Banakuja?"

"Wanakuja, mama."

"Pamoja?"

"Inshallah," nilimwambia, na yeye Mkristo akaitikia amina.

Nikawapigia. Hapo sikuomba ruhusa ya mtu. Gaston alipokea kwa sauti ya upole, maana hao wawili, nisiwasingizie, ni watu wenye adabu. Akauliza, "Maman Rehema, Bahati anakuja lini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka tupokezane. Yeye aje wiki hii, mimi nije ijayo, mama asibaki peke yake. Bahati alimuuguza baba, anajua hospitali za huko. Yeye atangulie."

Ukimsikia hivyo unaweza kudhani ni busara. Nikampigia Bahati. "Kaka ndiye mkubwa," alisema. "Si adabu mimi nitangulie. Akishatoa tarehe yake, mimi nitaingia akitoka."

Niliwapigia tena na tena. Nikawagombeza kwa Kiswahili cha Tanga, chenye pilipili, nikawaambia mama yao hataki zamu, anataka watoto. Gaston alisema ndiyo mama, nimekuelewa mama. Bahati alilia kwenye simu. Na bado huyu alimngoja yule atangulie na yule alimngoja huyu, kila mmoja kwa heshima kubwa. Kwenye kompyuta nilikuwa nimewashikia nafasi mbili, za tarehe mbili tofauti, nikisubiri neno lao. Mama Gaston akafariki alfajiri ya Jumatano, nafasi zote mbili ziko wazi.

Hapo kila mmoja akapanda ndege ya kwanza aliyoipata, wakafika asubuhi moja. Hakuna tena aliyeuliza mwenzake anakuja lini.

Matanga yalikuwa uani kwenye jengo alilokuwa anaishi, hema limefungwa kwenye nguzo za kuanikia nguo, wanawake wa kwaya wamevaa sare alizowashonea. Gaston alikaa mwisho huu wa hema na Bahati mwisho ule. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, Wakongo, Watanzania, Wareno wenye duka la mkate, hata Bwana Amadeu aliletwa amekongojea fimbo. Mimi nilikuwa napakua chakula. Ilipofika zamu ya wafiwa sahani zikaniishia. Imebaki moja. Sikuwa na hila yoyote, Mungu shahidi, nilikuwa nimechoka na miguu inaniuma. Nikajaza bugali na sombe, kisamvu chao Wakongo, na samaki kwenye sahani ile moja, nikaiweka kwenye kigoda, nikawaita wote wawili kwa ukali: "Njooni mle, watu wengine wanangoja sahani."

Wakaja. Wakanawa. Walikula matonge mawili matatu, kisha nikamwona Bahati anakisogeza kichwa cha samaki upande wa Gaston. Gaston akasema, "Bado unakumbuka." Bahati akasema, "Ulikuwa unanipiga kwa sababu yake, nitasahau?" Gaston akacheka. Kicheko kidogo tu, cha puani. Sahani ilipokwisha hawakunyanyuka. Nilipopita na chai walikuwa wameinamiana wanasemezana kuhusu baba yao, na nilipopita kukusanya vikombe Gaston alikuwa analia begani kwa mdogo wake, anasema nisamehe, na Bahati anasema yameisha, kaka, yameisha.

Kumbe ilikuwa hivyo tu. Sahani moja ya sombe. Nilikwenda nyuma ya jengo kwenye mapipa ya taka, nikalia kilio ambacho sikulia hata makaburini. Nilipaswa kufurahi, najua, na wanawake wa kanisani walikuwa wanapiga vigelegele kwamba Mungu ni mwema. Mimi nilikuwa nawaza kile kigari cha kusukumwa na karatasi shingoni mwa mama wa watu.

Wiki iliyofuata walikuja ofisini pamoja. Neema, wewe ulikuwepo, ulikuwa kwenye kaunta ya pili unahudumia mtu wa Durban. Wamekaa kwenye viti viwili mbele yangu, bega kwa bega, wanafanana kama viatu. Gaston alitaka apite Lisbon kwanza, akae kwa mdogo wake siku kadhaa, aone nyumba, amjue shemeji yake, ndipo aende Brussels. Wakaanza kubishana nani akae dirishani, wakicheka. Nikawa naandika.

Gaston akainama mezani. "Maman Rehema," alisema, "mama angefurahi sana kutuona hivi."

Nikaacha kuandika. Nikavua miwani.

"Angefurahi, mwanangu," nilimwambia. "Mwezi uliopita angefurahi."